Nyumba za Korbesa na za Nairobi

Korbesa ni kijiji cha Isiolo, upande wa Merti. Kwa desturi ya Waborana, wanawake ndio wajengao nyumba, kwa fito, nyasi na mikeka. Na mchungaji hulala karibu na mifugo aichungayo, hata akiwa maskini. Lakini kijana wa huko aendapo Nairobi kutafuta kazi, huona mambo mengine. Muthaiga ya matajiri na Mathare ya vyumba vya mabati zimetengwa na barabara ya Thika tu. Alindaye lango huku mara nyingi hulala kule. Tangu 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu hukata asilimia 1.5 ya mshahara wake. Basi yafaa nyumba hizo zijengwe karibu na kazi yake, kwa kodi aiwezayo.