Gitaa lipo, la nini tena?

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilimwambia binti yangu kwamba kama vidole vinamuuma basi aache gitaa, arudi kuimba sauti ya kwanza kama wenzake. Nilisema nikiwa nimeinamia cherehani, wala sikuinua macho. Nikaongeza kwamba ni mvivu wa mazoezi, kwamba miezi minane ni mingi na shilingi 350,000 si majani.

Naomba niwaeleze wazazi wenzangu ilivyokuwa, maana najua si mimi peke yangu niliyewahi kumnunulia mtoto kitu, kisha nikamlaumu mtoto kwa ubovu wa kitu chenyewe.

Ni wa pili kati ya watoto wangu watatu, na wakati huo alikuwa kidato cha pili. Mpiga besi wa kwaya ya vijana kanisani kwetu alihamia Dodoma kikazi, mwalimu akauliza nani yuko tayari kujifunza. Wavulana wote walitaka gitaa la solo. Besi haina wagombea, kwa sababu watu hawaisikii mpaka siku isipopigwa. Binti yangu akanyoosha mkono. Januari nikaenda naye Kariakoo, tukazunguka maduka matatu, tukachukua jipya, jekundu, linang'aa, na begi lake na waya wake. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa lile sikuwahi kuliona kabla, wala sijaliona tena baada ya hapo. Nilimuuliza muuzaji kama ni zima. Akasema, "Mama, hilo hata mjukuu wako atalipiga."

Miezi ya mwanzo ilienda vizuri. Ikifika jioni nilikuwa nasikia du, du, du kutoka chumbani, nami nikiwa kibarazani nashona. Kisha akaanza kulalamika. Vidole vya mkono wa kushoto vilitoka malengelenge, yakapona, yakatoka tena. Kwenye mazoezi mwalimu wa kwaya alikuwa akisimamisha watu arobaini, anamtazama yeye. Noti inakwenda pembeni. Anakaza nyuzi upya, wanaanza, baada ya beti mbili inakwenda pembeni tena. Mwezi wa nane mwalimu akamwambia kwa upole kwamba si kila mtu amejaliwa sikio. Siku hiyo aliporudi nyumbani ndipo nilipomwambia maneno niliyoanza nayo hapo juu.

Lakini hakuacha. Alirudi kuimba, na jioni akawa analipiga lile gitaa bila kuliunganisha kwenye spika, kimyakimya, akiamini sisikii.

Aliyesikia ni mteja. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa dansi wa zamani, alikuja kuchukua suruali yake niliyompunguzia. Akasimama na suruali mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja. "Huyo anayepiga ni nani?" Nikamwambia ni binti yangu, nikaomba radhi kwa kelele. Akasema, "Mikono yake iko sawa. Hebu alete hilo gitaa."

Alilishika kama mtu anayelenga bunduki, jicho moja limefumbwa, akatazama kutoka kichwani hadi mwisho wa shingo. Akamwambia binti yangu naye atazame. Kisha akaniambia mimi nitazame, na mimi ambaye sijui do wala re nikaona: shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Katikati yake nyuzi zilikuwa juu mno, kiasi kwamba ungeweza kupitisha kidole kidogo cha mtoto. Ndiyo maana ya malengelenge.

Kisha akatoa simu. Kuna programu za bure za kupimia nyuzi, zenye mshale unaosimama katikati ukiwa sawa. Nyuzi za besi ni nne: Mi, La, Re, Sol. Alipiga uzi wa La ukiwa wazi, mshale ukasimama katikati, kijani. Kisha akabonyeza uzi uleule kwenye freti ya 12. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, na ile ya 12 iko nusu kamili ya uzi, kwa hiyo inatakiwa kutoa La ileile, ila nyembamba zaidi. Mshale ukaruka kulia, mwekundu. Akajaribu nyuzi zote nne. Zote nyekundu. Akavisogeza vile vidaraja vinavyobeba nyuzi mpaka vikagota, bado nyekundu.

"Mtoto anasikia vizuri kuliko gitaa lake," alisema. "Anakaza nyuzi ziwe sawa huku chini, akipanda juu gitaa linamsaliti."

Alitueleza kwamba nyuzi nne za besi zikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa hiyo ndani ya shingo huwekwa fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili, na fundi huikaza au kuilegeza kwa kispana kidogo. Ya kwetu nati ilikuwa imezungushwa hadi mwisho na fimbo haivuti chochote. Mbao laini, haikukaushwa vizuri, alisema. Sikumwambia kwamba siku tuliyopuliza dawa ya mbu, mimi mwenyewe nililiegemeza gitaa lile ukutani nje, likakaa juani mchana kutwa. Hadi leo sijui kama nilichangia.

Mzee yule ni msimulizi. Alituambia kwamba Mmarekani Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision, yaani usahihi, kwa ajili ya zile freti. Kwenye lile besi kubwa la kusimama mpigaji anatafuta noti kwa sikio lake. Kwenye la Fender unabonyeza mahali pake na noti inatoka sahihi. "Sasa gitaa lenye freti linalokosea noti ni la nini?"

Walipoondoka kibarazani, yeye na suruali yake, binti na gitaa lake, mimi nilibaki nikiwaza cherehani.

Nilipokuwa najifunza ushonaji, fundi wangu alinipa mashine iliyochoka. Ilikuwa inaruka mishono na kukata uzi, nami kila siku nilionekana naharibu vitambaa vya watu. Nilishaanza kuamini kwamba mikono yangu mizito. Siku moja fundi alisafiri, shoga yangu mwanafunzi akanikalisha kwenye Singer ya zamani ya fundi mwenyewe, nyeusi, imechubuka rangi, na nikashona kola ya kwanza iliyolala. Nililia juu ya kola. Na mtu aliyeyajua hayo, miaka ishirini baadaye, ndiye aliyemwita mwanawe mvivu.

Jioni nilimwita. Nikamwambia nilikosea kusema hana sikio. Akanijibu, "Ulisema mvivu, mama. La sikio alisema mwalimu." Basi nikaomba radhi upya, kwa neno lililo sahihi.

Sasa ikaja fedha. Desemba kikundi chetu cha VICOBA kinavunja, na mgao wangu nilishaupangia: mashine ya oveloki, ili niache kupeleka nguo kwa jirani kumaliziwa kingo. Baba yao ni dereva wa lori. Nilimpigia akiwa Tunduma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Gitaa lipo, la nini tena?" Sikuona kosa lake. Ni swali ambalo ningeuliza mimi mwezi mmoja nyuma.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwenda tena Kariakoo kununua jingine jipya, la bei ya juu kidogo. Mzee akanizuia. Kwa fedha ileile, alisema, chukua lililotumika lakini limetengenezwa vizuri; shingo iliyokaa miaka kumi bila kupinda imeshafanya mtihani wake. Hilo nililielewa haraka. Singer kuukuu inayozunguka laini siwezi kuibadilisha na mashine mpya nyepesi ya plastiki.

Alikuwa anamfahamu kijana anayepiga hotelini, aliyekuwa anahamia besi ya nyuzi tano, maana nyimbo nyingi za injili za sasa zinashuka chini sana. Alikuwa anauza Yamaha ya aina ya BB, jamii ambayo Yamaha wamekuwa wakiitengeneza tangu 1977. Tulimkuta kwenye chumba chao cha mazoezi Kinondoni. Gitaa lenyewe halikupendeza machoni: jeusi, limechubuka pale mkono unapoegemea, na kitufe kimoja cha sauti kilikuwa kinakwaruza. Nilimtazama binti yangu nikidhani atasononeka. Yeye alikuwa ameshafumba jicho moja anatazama shingo.

Tulilikagua kama ninavyokagua cherehani, kwa kuzungusha kila kinachozunguka. Vishikio vya kukazia nyuzi, vyote vinne, vilikwenda laini na havikurudi nyuma. Freti zilikuwa zimelika kidogo pale karibu na kichwa, si za kubadilisha. Waya tuliuchezesha tunduni, sauti haikukatika. Kitufe kinachokwaruza mzee alisema ni vumbi, dawa ya kupuliza inatosha, na ndivyo ilivyokuwa. Mwisho simu. Freti ya 12, uzi kwa uzi. Kijani, kijani, kijani, kijani. Kisha binti yangu akaunganisha kwenye spika, akapiga wimbo wa kuingilia ibadani ambao kwaya ilimnyang'anya, kutoka chini mpaka juu kabisa ya shingo na kurudi. Nilitazama dirishani.

Kijana alitaka 900,000. Tukashuka hadi 780,000 pamoja na begi. Nilikuwa na 560,000 za mgao baada ya kutoa fedha za sare za wadogo, binti alikuwa na 20,000 za kusuka nywele likizo. Zilizobaki 200,000 zingetoka kwenye gitaa la zamani. Nikatoa tulichonacho, kijana akakubali kulishikilia hadi katikati ya Januari.

Tangazo la kuuza tuliliweka kwenye kundi la mtaa. Baada ya siku tatu akaja baba mmoja kutoka Mbagala na mwanawe wa miaka kama 12. Walikuja kwa daladala, mtoto amevaa shati la Jumapili. Gitaa jekundu lilikuwa limefutwa vizuri linang'aa. Mtoto hakuweza kuliondolea macho. Baba akaniuliza, "Mama, ni zima?"

Nilifungua mdomo, na wazazi wenzangu, nitasema ukweli: jibu lililokuwa linakuja lilikuwa lile la muuzaji wa Kariakoo. Nilihitaji zile 200,000.

Binti yangu akaniwahi. "Shikamoo baba. Shingo imepinda. Njoo uone." Akamfumbisha jicho moja yule baba, kama mzee alivyotufundisha. Akamwonyesha na simu, nyekundu zote. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake, akaendelea.

Yule baba alikaa kimya. Akasema ana 80,000 tu za kuweza kupoteza. Binti akamwambia kwamba kuanzia kichwani hadi freti ya tano halikosei sana, na mtoto anayeanza anaweza kukaa hapo mwaka mzima, mradi ajue kwamba huko juu kosa si lake. Akakata kipande cha selotepu, akakibandika nyuma ya shingo. "Usivuke hapa," alimwambia yule mtoto. "Ukivuka ikasikika vibaya, si wewe."

Walipoondoka sikusema naye hadi usiku. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu, na moja ilikuwa inaisukuma nyingine. Alipoleta chakula alisema, "Mama, mimi nimelipiga miezi kumi na moja. Ningeachaje?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia apunguze chumvi siku nyingine.

Tulipungukiwa 120,000. Kwa bahati Januari ni msimu wetu mafundi. Ufundi wa sketi na shati la shule natoza 8,000, kwa hiyo lile pengo lilikuwa sare 15. Nilizishona kwa wiki mbili hadi saa sita usiku, yeye akinikatia vifungo na kupiga pasi. Baba yao aliporudi safari alikuta meza imejaa sketi za bluu, akauliza tena lile swali lake. Safari hii binti alimpa simu ashike, akampigia uzi wa La kwenye freti ya 12.

Amerudi kwenye besi. Mwalimu wa kwaya alimwambia, "Naona umefanya mazoezi," naye akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Yule mtoto wa Mbagala hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu karibu kila wiki, anauliza hiki na kile, na simu huondoka nayo binti kwa nusu saa nzima.

Nguo za watu bado napeleka kwa jirani kupigwa oveloki, shilingi 500 kila moja. Juzi aliniuliza ile mashine yangu imefikia wapi. Nikamwambia iko kanisani, mstari wa nyuma, karibu na dramu.