Magari Mawili Katika Njia ya Mang'ola

Baba wa nyumbani akileta picha ya gari jipya la njia mbaya, wengi wetu hutazama viti kwanza. Hatumlaumu mtu. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka tulipokwenda Mang'ola.

Ilikuwa Aprili 2024, mwaka ambao masika yalileta mafuriko sehemu nyingi za Tanzania. Tulikuwa akina mama saba kutoka Arusha, wawili wetu wauguzi, tukienda kupima watoto na kuzungumza na wajawazito. Tulisali, tukapakia mizani na dawa, tukaondoka alfajiri kwa magari mawili. La kwanza lilikuwa la mwenzetu: jipya, viti vya ngozi, kiyoyozi hadi nyuma. La pili lilikuwa hardtop la kuazima, ile Land Cruiser yenye mabenchi ya kutazamana. Tuseme kweli, tuligombea lile la kwanza.

Kwenye lami raha ilikuwa kubwa. Tulipita Makuyuni, tukanunua ndizi nyekundu Mto wa Mbu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likimetameta chini yetu. Kwenye gari jipya tulisinzia. Wenzetu wa hardtop walishuka Karatu wakijinyoosha migongo.

Baada ya Karatu tuliacha lami, tukateremka kuelekea Ziwa Eyasi. Baridi ya juu iliisha, joto likaanza. Huko chini ni nchi ya migunga na mashamba ya vitunguu yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, na ndiko wanakokutana Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe. Njia tuliyopita siku ile ilikuwa ya mawe na udongo, imekatwa na makorongo.

Kabla ya korongo kubwa, gari jipya lilipata pancha. Rimu zake zilikuwa kubwa na ubavu wa tairi mwembamba, jiwe likachana. Spea nayo ilikuwa kile kitairi chembamba cha kukufikisha kwa fundi mjini. Dereva alilipeleka tairi kijijini kwa bodaboda, nasi sote tukabanana kwenye hardtop. Dereva mzee akashuka, akapima maji kwa fimbo, akaingiza gia ndogo, tukavuka polepole.

Jioni, tulipokuwa tukifunga mizigo, tuliitwa kwenye boma moja. Mama kijana alikuwa na uchungu tangu jana yake alfajiri, na mtoto hashuki. Sisi wauguzi tulitazamana. Mama huyu alihitaji upasuaji usiku ule ule.

Tulitoa mizigo yote, tukatandika godoro sakafuni kati ya mabenchi, tukamlaza kwa ubavu wa kushoto. Hardtop lilivuka tena korongo, ambalo gari jingine lisingethubutu. Lakini kila tuta lilimtoa mama yule kilio. Springi zile ngumu zimetengenezwa kubeba tani, na hazimjui mgonjwa. Tulimshika watu wanne ili asirushwe.

Ng'ambo ya pili tulikuta tairi limezibwa. Tulilaza viti vya lile gari jipya, tukamhamishia humo. Likapanda kwenda Karatu taratibu, na kwa mara ya kwanza mama yule alinyamaza akapumua. Usiku ule alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Wote wawili walirudi nyumbani.

Njiani kurudi Arusha hakuna aliyegombea kiti. Tulikuwa tumejifunza kwamba swali la kwanza ni kama gari litafika, na la pili ni kama litamfikisha mtu bila kumuumiza. Anayeuliza la pili peke yake ataachwa korongoni. Na anayedharau la pili hajawahi kusafirishwa akiwa na uchungu.

Hata watengenezaji wanavutana juu ya maswali haya mawili. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo hardtop letu ni mojawapo, ilianza mwaka 1984, na imedumu kwa sababu ni rahisi: chasisi imara, ekseli nzima mbele na nyuma, injini ambayo fundi wa kijijini anaielewa. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Ile mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019, haina tena chasisi ya peke yake, na kila gurudumu linacheza lenyewe. Inatuliza mgongo, lakini ina mitambo mingi ya umeme. Toyota nao, walipoonyesha Land Cruiser 250 mwaka 2023, walisema wanataka kurudi kwenye asili, gari la kumtumikia mtu katika maisha yake. Mwaka 2025 wakaonyesha ndogo zaidi, Land Cruiser FJ, ambayo kona za bampa zake hutoka vipande vipande, ili kilichovunjika ndicho kibadilishwe. Mama yeyote anayeshona kiraka badala ya kununua gauni jipya atalielewa wazo hilo.

Basi, ikiwa nyumbani kwenu mnapanga kununua gari, msiishie kwenye viti. Mfungue mlango wa nyuma mwone kama spea ni tairi kamili. Mtazame ubavu wa tairi una unene gani. Mwinamie chini mwone tumbo la gari liko juu kiasi gani. Muulize kama fundi wa kule kwa bibi ataweza kulitengeneza. Kisha laza viti, ulale humo mwenyewe, na umwombe baba watoto aendeshe kwenye matuta. Iko siku mtu atalazwa hapo, na huenda akawa mwanao.