Andazi la Berlin na Mahamri ya Mombasa

Mnamo tarehe 26 Juni 1963, siku 25 baada ya Kenya kupata madaraka, Rais John F. Kennedy wa Marekani alisimama mbele ya jengo la baraza la Schöneberg, Berlin Magharibi, akautangazia umati mkubwa kwa Kijerumani kwamba naye ni Mberlin: "Ich bin ein Berliner." Umati ulishangilia. Ukuta uliougawa mji wao ulikuwa haujatimiza miaka miwili, na kauli ile iliwagusa moyoni. Miaka ya 1980 kikaenea kichekesho miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza, kwamba kiongozi yule aliteleza katika sarufi na kwamba alichosema hasa ni "Mimi ni andazi la jamu."

Kichekesho hicho ni kitamu, ila hakina ukweli. Ni kweli kwamba Mjerumani atajapo mji atokako aghalabu huliacha neno 'ein'. Lakini Kennedy hakudai kuwa mzaliwa wa Berlin. Alijihesabu miongoni mwa watu wake kwa njia ya sitiari, na kwa maana hiyo 'ein' ilikaa mahali pake barabara. Tena kuna hoja ya jikoni, ambayo huenda ikawa nzito kuliko ya sarufi. Andazi la jamu huitwa 'Berliner' kaskazini na magharibi mwa Ujerumani. Wenyeji wa Berlin hawaliiti hivyo hata kidogo. Wao huliita 'Pfannkuchen', yaani keki ya kikaango. Wale waliojazana uwanjani siku ile, basi, hawakuwa na sababu ya kufikiria andazi.

Mambo hayaishii hapo. Katika sehemu nyingi nyingine za Ujerumani, 'Pfannkuchen' ni kitu kinachokaribiana na zile ziitwazo nchini Kenya chapati za maji. Mberlin akizitaka hizo husema 'Eierkuchen', keki ya mayai. Wajerumani wawili wanaweza kuagiza kwa neno moja, mmoja akitarajia donge lililovimba na kujaa jamu, mwenziwe akitarajia kitu chembamba kinachokunjika. Hesse wana jina lao, 'Kreppel'. Bavaria na Austria husema 'Krapfen'.

Mapenzi ya watu kwa andazi hili hudhihirika hasa msimu wa kanivali, kabla ya Kwaresima, linapopangwa kwa wingi katika madirisha ya maduka ya mikate. Hapo wapenzi wake hubishania jina kwanza, kisha tumboni mwake. Austria hushikilia jamu ya aprikoti. Franconia hutiwa jamu ya tunda la waridi mwitu. Kuna wanaoapa kwamba bila jamu nzito ya plamu hakuna andazi. Jambo wasilobishania sana ni ufundi: unga wa ngano huumuliwa kwa hamira, ukakandwa kwa maziwa, mayai na siagi, kisha donge likaelea katika mafuta moto, likageuzwa mara moja, na kubaki na mshipi mweupe kiunoni. Mshipi huo ni dalili kwamba donge liliumuka vyema likawa jepesi. Jamu hupenyezwa baadaye kwa bomba jembamba. Na katika mkesha wa Mwaka Mpya, watani hujaza moja kati ya mengi kwa haradali badala ya jamu, kisha wakakaa kimya kumsubiri mwenye bahati mbaya.

Jina hilo la kusini, 'Krapfen', halina budi kumshtua mwanafunzi wa Kiswahili. Limetokana na neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya kulabu, na jina la ukoo la Krapf ni ndugu yake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa mwaka wa 1844 na kuanza kuyakusanya maneno ya wenyeji. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka wa 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Maneno mengi aliyoyahifadhi yalikuwa ya Kimvita, lahaja ya mji uliompokea. Miaka 46 baada ya kamusi hiyo kutoka, mkutano uliofanyika mumo humo Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Uamuzi huo ulizifikia shule na vitabu. Vikaango haukuvifikia. Mombasa wangali na mahamri yao, yaliyokandwa kwa tui la nazi na kunukia iliki, yanayoliwa kwa mbaazi za nazi asubuhi. Bara kuna mandazi, ambayo aghalabu hayana tui wala iliki. Mtu wa bara husema hicho ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mmvita husikia maneno hayo kama matusi. Na akitakiwa kutoa hoja, anayo: 'mahamri' yanatoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia 'hamira', ilhali 'andazi' linahusishwa na kitenzi 'andaa'. Jina moja laeleza unga ulifanywa nini. Jingine lasema tu kwamba chakula kiliandaliwa. Kwa usahihi, lahaja imelishinda neno sanifu.

Hata hivyo, darasani kicheko humwendea mwenye lahaja. Akitaja vibibi, wenziwe huuliza bibi wa nani huliwa. Akitaja kaimati, huulizwa ni ugonjwa gani, ingawa neno hilo ni la Kiarabu, lenye maana ya vitonge, na katika nchi za Ghuba vitonge hivyo vitamu vingali vinaitwa kwa jina hilohilo. Wacheki hao ndio walaji wa 'ngumu' jijini Nairobi, na wa kile kitafunio kilichobandikwa herufi za jeshi, KDF. Majina hayo hawayaoni kuwa ya kuchekesha. Ni yao.

Kicheko kingesameheka lau kisingefuatwa na kalamu nyekundu. Mtoto wa Kisauni aandikapo katika insha kwamba mamake alidamka kusukuma mahamri, msahihishaji asiyelijua neno hilo hulipigia mstari, juu yake akaandika 'maandazi', na alama ikapotea. Mara ya pili mtoto huandika 'maandazi' bila kuambiwa, na iliki na tui vikatoka katika insha. Jioni hurudi nyumbani, akamkuta mamake anakuna nazi ya kesho.