Jina Nililoitwa Bagamoyo

Siku tuliyoondoka Mlali kwenda baharini tulipewa pole mara tatu. Wa kwanza alikuwa jirani aliyetukuta alfajiri tukifunga begi kwenye bodaboda. "Poleni jamani, nani tena?" Wa pili alikuwa mwenye duka tulikonunua maji. Wa tatu ni mzee mmoja wa pale stendi ya Kibaigwa. Alivua kofia kwanza, akatusalimu "Mbukwenyi", kisha akauliza msiba uko wapi. Mume wangu akamjibu kwa adabu kwamba hakuna msiba, tunakwenda Bagamoyo kupumzika. Mzee akatutazama, akatazama nyuma yetu kama anatafuta watoto, akauliza tena kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo mgonjwa ni nani?"

Simlaumu. Kwetu mke na mume hawaondoki pamoja wakaacha watoto ila kwa jambo, na jambo ni msiba, ni hospitali, au ni harusi ya ndugu wa damu. Karibu kila kitongoji ninachokifahamu kina chama cha kufa na kuzikana, chenye daftari, mweka hazina na faini kwa asiyetoa mchango. Nami ni mwanachama, na chama hicho kilinisitiri siku yangu ilipofika. Lakini sijawahi kuona watu wamekaa chini ya mti wakichangishana ili wawili kati yao wakapumzike wangali hai.

Ilikuwa Juni 2018, alizeti imeshavunwa na shule zimefungwa. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu ya ndoa na watoto wanne, mkubwa miaka kumi na miwili, mdogo minne. Wazo lilikuwa la mume wangu. Mimi nilikataa msimu mzima. Nilimwambia fedha ile inatosha mabati ya jiko, na ilitosha kweli. Alikuwa mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia hakosi mfano. Akanikumbusha Waingereza waliokuja hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao, wakitaka kulima karanga ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani. Udongo wetu ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na kufikia 1951 mpango ukawa umekufa. "Wale walipanga mamilioni ya ekari wakaondoka," akasema. "Sisi tupange siku nne tu, mama watoto. Siku nne hazitatushinda."

Mama watoto. Ndivyo alivyoniita tangu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nami nikamwita baba watoto. Mbele za watu ni heshima, na hata chumbani tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea kandambili za nyumbani. Jina langu la kubatizwa lilibaki kwenye cheti cha ndoa na kadi ya kliniki. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa akilitumia, naye alifariki 2011. Sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu.

Watoto tuliwaacha kwa mama mkwe. Nilimwandalia orodha ya nani anakohoa usiku na nani hapendi mlenda, akaikunja akaiweka chini ya kibatari bila kuisoma. "Mimi nimelea wanane," akasema. "Hawa wanne watanifanya nini?" Hata hivyo niliondoka na aibu, na aibu ile ina sababu yake. Wengi wanaifahamu Mlali kwa kile kituo cha watoto wenye ulemavu kilichoanzishwa na watawa Wakapuchini. Nimewaona kina mama wakija na mtoto mgongoni, wamwache miguu yake itibiwe, wao warudi kulima kwa sababu mvua haimsubiri mtu. Mama wa namna hiyo akishaanza kuondoka haendi moja kwa moja. Anarudi kuuliza kitu, anatoka, anarudi tena kuacha kitenge chake. Mimi niliacha watoto wanne wazima wa afya, kisa nikakae kwenye mchanga.

Safari ilimaliza siku nzima. Gairo, Morogoro, Chalinze, Ubungo, kisha Makumbusho kutafuta gari la Bagamoyo. Njiani alinieleza kwamba tunafuata njia ya wapagazi wa zamani, waliotoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakapita Ugogo wakilipa hongo kwa watemi wetu, wakaogopa kiu ya Marenga Mkali, hadi wakaiona bahari na kutua mizigo. Wapo wanaosema jina Bagamoyo limetoka hapo, kwenye kubwaga moyo kwa mtu aliyefika. Wapo wanaosema ni moyo wa mtumwa, uliobwagwa pale kwa kukata tamaa kabla ya kuvushwa. Yeye aliamini maana zote mbili. Alisema mji mmoja unaweza kupokea watu wa aina mbili kwa siku moja. Nililisikia neno hilo huku nasinzia begani kwake. Nimelirudia mara nyingi tangu hapo.

Hoteli ilikuwa ndogo, vibanda vya makuti karibu na maji. Kijana wa mapokezi akatuuliza kama tumekuja fungate. Mume wangu akasema ndiyo, tumechelewa kidogo tu. Usiku wa kwanza sikulala. Mawimbi nilikuwa nimeyatarajia, ila sikutarajia kuukosa ule usingizi wa mama, usingizi wa sikio moja, ambao hauwezi kushika pasipo mtoto wa kuusikiliza. Nilipiga simu mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe akasema watoto wamelala, na yeye sasa anaomba alale.

Siku ya pili asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Aliyezaliwa Dodoma hana namna ya kulifikiria jambo hilo mpaka alione. Bahari inaondoka, inaacha uwanja mpana wa mchanga wenye mikunjo, na watu wanatembea pale ambapo jana chombo kilikuwa kinaelea. Tulitembea kuelekea upande wa soko la samaki. Mimi nilitangulia mbali nikiokota kome, na maji yalipoanza kujaa sikuyaona, kwa sababu hayaji kama mafuriko ya korongo yanayonguruma. Yanapanda kimya kutoka ubavuni. Aliyeyaona ni yeye. Akaita, "Mama watoto!" Kina mama wa samaki, watatu au wanne, wakageuka. Mimi sikugeuka. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na pwani ile kila mwanamke ni mama watoto. Akaita tena, wakageuka tena. Ndipo akaniita jina langu.

Aliliita kwa nguvu, kwa sauti ya kijana aliyekuja kunichumbia na baiskeli ya kuazima. Niligeuka kabla sijajua kwamba nimegeuka. Nilipomfikia, suruali yake imelowa hadi magotini, tukatazamana kama watu waliowahi kujuana mahali fulani. Hakusema kitu kuhusu jambo lile. Lakini kuanzia saa ile mpaka tunaondoka, siku mbili na nusu, aliniita jina langu tu, nami nikamwita lake. Kuomba chumvi, jina. Kuulizana saa ngapi, jina. Sijui kama waliozoea kuitwa majina yao wanaweza kunielewa. Nilihisi nimerudishiwa kitu nilichokuwa nimekiweka rehani na kukisahau.

Mengine ya Bagamoyo ni machache. Tulikwenda misheni iliyojengwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, tukaona mahali ulipofikishwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba tangu kijijini kwa Chitambo, alikofia Mei 1873. Moyo waliuzika kule kule chini ya mti. "Moyo waliubwaga huko," mume wangu akasema, "mwili wakauleta huku." Tulikwenda na Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, na mwongozaji akatuonyesha mbuyu wenye umri wa miaka zaidi ya mia tano, akasema anayeuzunguka anaongeza umri. Mume wangu akaweka kiganja juu ya gome kama anavyompapasa ng'ombe wa nyumbani. Alikua katika mibuyu, kwetu imetapakaa hadi kando ya lami. Akasema kama mbuyu ungekuwa unaongeza miaka, Wagogo tusingekuwa tunakufa. Kisha akauzunguka, pole pole, mzunguko mmoja. Mimi nilikuwa nimemshikia viatu.

Machi 2022 alipata kiharusi akiwa darasani. Ikawa safari yetu ya pili kuondoka pamoja na kuacha watoto, na safari hii hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani. Alilala siku kumi na moja hospitalini Dodoma mjini, hakutamka neno. Niliporudi naye kwenye gari, yeye nyuma, mimi mbele na shemeji yangu, niliwawaza Chuma na Susi. Miezi mingi wamebeba mtu wasiyeweza kuzungumza naye. Mimi nilikuwa na saa chache tu za lami na vumbi, na zilinishinda.

Msibani walilia baba. Walilia mwalimu, kaka, mjomba, mjumbe wa kamati ya maji. Wote walikuwa na haki ya kulia, maana alikuwa hivyo vyote kwao na hakuna hata kimoja alichokifanya kwa uvivu. Nilikaa kwenye mkeka nikipokea mikono, nikasikia "pole mama watoto" labda mara mia nne. Nilichokuwa nakililia mimi hakikuwa na jina katika uwanja ule. Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya baba watoto, niliyekuwa naye siku mbili na nusu, mwenye suruali iliyolowa magotini. Wanne waliomwita baba hawakumjua, na mama yake aliyemzaa hakumjua. Nani anipe pole ya mtu huyo?

Siku ya kuanua tanga, mzee wa ukoo alisimama kutangaza kwamba leo tunaanua tanga, watu warudi kwenye kazi zao. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kuliona. Siku hiyo nililiona. Nikaona zile ngalawa za Bagamoyo jioni, wavuvi wakifika ufukweni na kulishusha tanga, kitambaa kikubwa kilichokuwa kimejaa upepo kikilala ghafla kama shuka. Wenzangu walikuwa wanakunja mikeka. Mimi nilikuwa nimesimama ufukweni na chombo kilikuwa bado hakijafika.

Baadaye ikaja mirathi. Mahakama ya mwanzo walitaka muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, vyote nilikuwa navyo. Karani, binti mdogo mwenye upole, akashika kalamu akaniuliza jina. Nikasema mama watoto wa marehemu. Akasema, samahani mama, jina lako wewe. Nikalitaja. Nilikuwa sijalisikia likitamkwa kwa sauti tangu wiki kadhaa kabla ya kiharusi, usiku mmoja alipolitumia kuniomba nimfunike. Niliposikia sauti inayolitaja ni yangu mwenyewe, nililia pale mezani kuliko nilivyolia kaburini, na karani akadhani ni kwa ajili ya shamba.

Mwanangu wa pili aliniambia, mwaka ule wa msiba, kwamba zile siku nne zilikuwa zao. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisema kwa hasira, mlango umefungwa nusu. Nimehesabu naye. Mdogo wake alipata miaka minane tu ya baba, na katika miaka hiyo sisi tulichomoa siku nne tukazipeleka pwani. Kwa mtoto asiye na baba hizo ni siku nyingi. Sikumbishia. Nilimpikia ugali wa uwele, akala akiwa amenipa mgongo. Lakini nikiulizwa kama ningezirudisha, jibu langu ni hapana. Wao walirithi baba mzima, wana picha zake, wana daftari zake, wana hata mwendo wake, maana huyo mwenye hasira anatembea kama yeye. Mimi nilibaki na siku mbili na nusu.

Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa saa chache, na watoto wanataka twende wote baharini. Wameshaanza kuweka akiba. Nitakwenda nao. Nimewaambia tutafute mji mwingine wa pwani, Tanga, Kilwa, popote, wakadhani ni gharama.

Juzi nilikuwa uani na binti yangu mkubwa, tunamenya karanga za mbegu. Ana miaka kumi na tisa na kuna kijana anayempigia simu jioni. Alimenya muda mrefu bila kusema, kisha akauliza bila kuinua macho, "Mama, kule Bagamoyo, baba alikuwa anakuita mama watoto vilevile?"

"Hapana," nikasema.

Akasubiri. Nikavuta ungo karibu, nikaanza kupepeta maganda.