Jina Lililochelewa Kuandikwa



Katika besiboli, mchezo unaopendwa sana huko Marekani, mpigaji hupimwa kwa hesabu: katika kila zamu 1,000 za kupiga, ni mara ngapi gongo lake limemfikisha salama kituoni. Anayefaulu mara 300 huhesabiwa kuwa hodari. Kwa miaka mingi aliyeongoza wote alikuwa Ty Cobb, aliyecheza tangu 1905 hadi 1928 na kufikia 367.

Mwezi Mei 2024 Cobb alishuka hadi nafasi ya pili. Aliyempita ni Josh Gibson, mwenye 372, ambaye alikuwa kaburini kwa miaka 77. Marehemu hupandaje cheo?

Gibson alikuwa Mmarekani mweusi. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia watu weusi milango, naye akacheza katika ligi zao wenyewe, ambazo vitabu rasmi havikuzihesabu. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson aliingia ligi kuu, na mlango ukafunguka. Kaburi la Gibson huko Pittsburgh lilikaa bila alama hadi 1975.

Watafiti walipekua magazeti ya zamani, mchezo baada ya mchezo, wakakusanya takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi hizo. Ndipo ligi kuu ikaziingiza katika kumbukumbu zake.

Wapo wanaosema ulinganisho huo si wa haki, kwa kuwa Gibson ana zamu zaidi kidogo ya 2,000, na Cobb ana zaidi ya 11,000. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuulize pia: ni nani aliyezifanya zamu za Gibson kuwa chache? Michezo yake mingi ilichezwa nje ya ligi, mji hadi mji, kutafuta riziki, nayo haimo katika hesabu hata leo.

Wapendwa, mwaka 2024 haukumwongezea Gibson pigo hata moja. Yote aliyapiga akiwa hai. Iliyochelewa ni kalamu. Haki iliyochelewa hivyo haimfikii tena aliyedhulumiwa, ila huwafundisha waliobaki. Basi juma hili tutazame madaftari yetu, ya familia na ya jumuiya: ni nani anayefanya kazi miongoni mwetu bila jina lake kuandikwa? Tuliandike angali hai.