Nilikwenda Kumwona Anayemlisha Mume Wangu

Mama mwenzangu, kama mume wako anafanya kazi mbali na nyumbani, je, unamjua anayempakulia chakula cha mchana? Mume wangu ni mwalimu wa Historia. Alipohamishiwa Ruangwa, mimi nilibaki Nachingwea kwa sababu ya shamba, na kwa sababu mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani siku mbili, akaleta fedha za matumizi na za ada ya binti yetu mkubwa aliye chuo cha uuguzi.

"Unakula wapi huko?" nilimwuliza.

"Kwa mama ntilie."

Basi, hakuongeza neno. Katika kikundi chetu cha akina mama hawakukosa wa kuniongezea. Mmoja alisema kwamba mwanamke anayemlisha mume wako leo, kesho atamfulia. Sikuyapenda maneno yale, lakini sikuyatupa pia. Mwezi wa Agosti, tulipokwisha kupura mbaazi, nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua kikapu cha ming'oko, nikapanda basi la asubuhi la Ruangwa bila kumwarifu mtu. Wapo watakaosema huo ni upelelezi. Mimi naona mke ana haki ya kuijua meza anayolia mumewe.

Hoteli yenyewe ilikuwa banda la mabati karibu na stendi: meza moja ndefu, mabenchi mawili, na ndoo ya maji yenye koki. Juu ya ndoo palikuwa na kipande cha sabuni. Hicho nilikitazama kabla ya kumtazama mwenyewe, kwa maana hoteli isiyo na sabuni mlangoni hainifikishi mezani. Mwenyewe alikuwa mama aliyenizidi umri, mjane, Mmakua wa upande wa Masasi. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Sikujitambulisha. Niliagiza ugali wa muhogo na mbaazi, sahani shilingi 1,500. Ya nyama ilikuwa 3,000.

Nimepika mbaazi tangu nikiwa msichana, lakini zile zilininyamazisha. Nilimwuliza anavyofanya, naye hakunificha. Huziloweka usiku kucha, na maji ya kwanza akishachemshia huyamwaga. Zikiiva huzitia tui jepesi pamoja na kitunguu na chumvi, akaziacha zitokote polepole mpaka zianze kupondeka zenyewe. Tui zito hungoja mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, naye hukoroga taratibu upande mmoja tu. Wengi wetu tuna haraka, tunalitia mapema, likakatika na kuacha mafuta yakielea. Kisamvu chake alikitwanga na karanga. Mtoto wangu, ambaye nyumbani hukimbia kijiko, alikula mpaka akasinzia.

Saa saba mume wangu akaingia na daftari kwapani. Aliponiona alisimama mlangoni kama mgeni.

"Ala! Kumbe huyu ndiye wifi yangu?" yule mama alisema akicheka. "Na ananihoji mbaazi kama mkaguzi!"

Alimletea sahani bila kumwuliza atakula nini. Zilikuwa mbaazi. Nililiweka jambo hilo moyoni.

Mwalimu ni mwalimu hata akila. Alituambia kwamba huko Haiti, kisiwani katika Bahari ya Karibi, mbaazi hizi huitwa pwa kongo, yaani mbaazi za Kongo. Huzipika pamoja na wali, na mara nyingine huunga kwa tui. Zilifika huko kutoka Afrika wakati wa biashara ya watumwa. Wafaransa waliitawala nchi ile, na katika miaka ya 1780 meli zao zilipakia watu Msumbiji na kuwapeleka hadi huko, Wamakua wengi wakiwamo. Hata Kilwa, mkoani kwetu, mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka.

Mama yule aliacha kukuna nazi. "Wamakua wenzangu? Mpaka huko?"

"Mpaka huko."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nadhani mpishi peke yake angeliuliza. "Na waliopika, walikuwa wanakula?"

Mume wangu alimweleza kwamba Wahaiti wana supu ya maboga. Inasimuliwa kwamba zamani watumwa waliipika lakini hawakuruhusiwa kuinywa, ilikuwa ya mabwana zao. Walipotangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804 waliinywa, na hadi leo kila Mwaka Mpya familia zao huipika na kuwagawia hata majirani. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza supu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

"Basi na mimi nile," mama akasema. Alijipakulia, akaketi nasi kwenye benchi. Alisema ni mara chache sana hula kabla ya sufuria kubaki ukoko.

Mume wangu aliporudi darasani, tulibaki wawili na mtoto aliyelala. Alifuta mikono, akatoa daftari la madeni, akanifungulia ukurasa wa Mwalimu. Hakuna alichoficha. Mbaazi, mbaazi, mbaazi tena. Nyama haikuandikwa hata siku moja. Na kuanzia tarehe 5, wiki tuliyolipa ada ya binti yetu, palikuwa na siku tisa tupu.

"Siku hizi alikula wapi?" niliuliza.

"Wifi, hupita tu akanisalimu. Anasema ameshiba. Mimi humtuma kijana ampelekee chai na ukoko wa wali. Hivyo siandiki."

Kwa muda sikuweza kusema kitu. Nilimpa ming'oko yote. Kisha tukazungumza biashara, kwa maana mimi nina mbaazi, na yeye huzinunua sokoni kila wiki. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ilianguka hata baadhi ya wakulima wakaziacha shambani. Tangu hapo sikubali kuuza zote kwa mara moja. Magunia mawili yalikuwa ndani. Tulikubaliana nimletee moja moja kwa bei ya sokoni, na fedha zake zikatwe kwenye ukurasa ule.

Jioni mume wangu alikataa. Alisema mwanamume halishwi kwa gunia la mkewe, na watu wa stendi watamcheka. Nilimwuliza ada ya binti ni ya nani, yake au yetu. Hakujibu, akalala akiutazama ukuta. Asubuhi yule mama aliniambia, "Wewe lete gunia. Mwalimu niachie mimi."

Gunia la kwanza lilipanda basi Jumatatu iliyofuata. Kondakta alinitoza shilingi 2,000 na maneno mengi juu ya uzito. Siku ya Alhamisi mume wangu alinipigia simu saa nane mchana, wakati ambao hana kawaida ya kupiga.

"Amenipakulia nyama," alisema. "Sikumwagiza."

"Umeila?"

"Nimeila."

Kisha akauliza habari za mtoto.