Kulea Mimba Nako ni Kazi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja ninayemsimamia tasnifu yake ya uzamili alibisha hodi ofisini kwangu. Nilidhani ameleta sura ya tatu, ambayo nimekuwa nikimdai tangu Februari. Hakuleta. Alinipa shikamoo, akaketi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Dokta, samahani, leo sikuja kwa ajili ya masomo. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, ni wa kwanza. Wewe umeshapita huko. Hivi mwanamume hufanya nini?"

Nilimjibu kwa mzaha ambao wanaume wengi wa rika langu wangeutoa: "Tafuta pesa, mengine waachie akina mama." Tukacheka, akaaga, akaondoka. Mlango ulipofungwa nikabaki na aibu. Kijana alikuwa ameniuliza swali zito kuliko yote aliyowahi kuniuliza kuhusu mbinu za utafiti, nami nikamjibu kama niko kijiweni. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Wahenga walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Methali hii ina hekima yake. Inatuonya kwamba mwanzo wa jambo si mwisho wake, na kwamba safari ndefu ya mzazi huanza pale mtoto anapotoa kilio cha kwanza. Lakini vinywani mwetu wanaume imegeuka kuwa hati ya likizo. Tunaitaja ili miezi tisa iwe ya mama peke yake, nasi tuitwe siku ya kuchagua jina. Baba yangu mdogo alinitamkia methali hiyo nilipompa habari kwamba mke wangu ni mjamzito. Niliiamini, kwa sababu ilinifaa.

Ulikuwa mwaka 2011, nami nilikuwa katika mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu. Tasnifu yangu ilihusu ugatuaji wa madaraka kutoka serikali kuu kwenda serikali za mitaa. Nilizunguka vijijini na daftari langu, nikikusanya ushahidi wa hoja moja: pampu ya kisima ikiharibika, kijiji kisilazimike kungoja kibali na fedha kutoka mbali huku watu wakinywa maji ya bwawani. Uamuzi, nilisema, uwe karibu na mwenye shida. Hoja hiyo niliitetea kwa ufasaha, na wasimamizi wangu waliipenda.

Ujauzito wa mke wangu ulikuwa umefika wiki ya 34. Naitaja idadi hiyo leo, wakati ule ungeniuliza ningekujibu "miezi saba, minane hivi." Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kukaa nasi. Siku ya Jumapili mke wangu aliniambia kwamba pete haimwingii kidoleni na uso umemvimba. Nikamwambia, "Ndiyo ujauzito wenyewe huo." Jumatano nikaenda kwenye semina, nikazima simu kwa heshima ya wazungumzaji.

Saa tatu asubuhi kichwa kilianza kumuuma. Saa tano alimwambia mama kwamba anaona vimulimuli machoni. Mama alifanya kile ambacho maisha yake yote yalimfundisha kufanya. Alisema, "Tumngoje mwenyewe aje." Hawakuwa na njia nyingine ya wazi. Fedha zote zilikuwa kwenye akaunti yangu, kadi ya benki ilikuwa mfukoni mwangu, na nyumbani nilikuwa nimeacha shilingi 3,000 za mboga. Walinipigia mara 11.

Aliyeuvunja ungojaji ule ni jirani yetu, mama muuza maandazi. Aliingia kuchukua beseni lake, akamwona mke wangu amelala kwenye kochi amefunika macho kwa kanga, akauliza kulikoni. Alipoambiwa kwamba anangojwa mume, alisema maneno ambayo mama yangu alinisimulia baadaye akiwa ameinamisha kichwa: "Mume akirudi akikuta maiti, atatoa ruhusa ya nini?" Akaita bajaji, akalipa nauli kwa fedha za maandazi.

Nilipofika hospitalini saa nane alasiri, presha ya mke wangu ilikuwa 180 kwa 120. Alikuwa amedungwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba na alikuwa akiandaliwa kwa upasuaji. Muuguzi alinitoa kando, akaniuliza maswali matatu. Mimba ina wiki ngapi? Kundi lake la damu ni lipi? Dalili zilianza lini? Sikuwa na jibu la uhakika hata kwa moja. Hakunikaripia. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyezoea kuwaona wanaume wa aina yangu, akageuka, akaenda kumuuliza mama yangu.

Binti yetu alizaliwa na kilo 1.9. Leo yuko sekondari na ananishinda kwa hoja mezani. Mama yake yuko salama. Lakini najua kwamba usalama wao haukutokana na chochote nilichofanya mimi. Ulitokana na mama wa maandazi aliyekataa kungoja. Nilikuwa nimeandika sura nzima juu ya madhara ya kurundika maamuzi yote mahali pamoja, na kumbe nyumbani kwangu makao makuu nilikuwa mimi, tena simu yake imezimwa.

Baadaye nilisoma kazi ya Sereen Thaddeus na Deborah Maine iliyochapishwa mwaka 1994, ambayo wataalamu wa afya ya uzazi wameitumia kwa miaka mingi. Walieleza kwamba mama mjamzito aliyepatwa na dharura huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma inayofaa akiwa ameshafika. Niliposoma nilijiona. Ucheleweshaji wa tatu ni deni la serikali: daktari wa upasuaji awepo, dawa iwepo, damu iwepo. Ule wa kwanza kwa sehemu kubwa huzaliwa nyumbani, na wa pili huwa mwepesi au mzito kutegemea tulivyojiandaa. Hapo ndipo penye kazi ya baba. Wala si kazi ya huruma tu; ni kazi ya utawala.

Nchi yetu imepiga hatua, na ni haki kusema hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Lakini katika hao 104 kila mmoja alikuwa na jina, na huenda baadhi yao walikuwa na mtu aliyekuwa akingojwa.

Mimba ya pili ilikuja mwaka 2015, nasi tukaogopa sote wawili. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba yumo katika hatari ya kuipata tena. Safari hii niliamua kulea mimba. Nitaeleza nilichofanya, kwa kuwa kijana wangu aliuliza swali la vitendo.

Kwanza, twende kliniki mapema, na twende wote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na watoa huduma angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Tulipima wote VVU na kaswende, tukapima pia makundi ya damu. Hilo la damu wanaume wengi hatulijui: mama mwenye Rhesus hasi akibeba mtoto mwenye Rhesus chanya, ambayo mtoto huirithi kwa baba, huhitaji sindano ya kinga. Damu ya baba nayo imo katika habari hii. Nilinunua kipimo cha presha, nikajifunza kukitumia, nikawa naandika namba kwenye daftari kila jioni.

Pili, nilizijua dalili za hatari kama ninavyoyajua majina ya watoto wangu: kutokwa damu, kuumwa sana na kichwa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Tuliziandika nyuma ya mlango wa chumba ili kila aishiye nyumbani azione. Chini yake tuliandika namba za simu za madereva wawili, mmoja wa bajaji na mmoja wa teksi, waliokubali kuamshwa usiku, na majina ya ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Tatu, fedha. Kila mwezi niliweka akiba kwenye simu ya mke wangu, na namba ya siri alikuwa nayo yeye. Watani zangu wanaona hili ni dogo. Mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Akiba iliyo mikononi mwa baba aliye mbali haimsaidii mama aliye kitandani.

Nne, niliitisha kikao cha nyumbani. Nilimwita mama yangu, nikamwambia mbele ya mke wangu: "Mama, safari hii mtu asiningoje. Akisema twende, nendeni. Mimi mtanikuta huko." Nilitarajia ataniambia kwamba mambo ya kisasa yamenipoteza. Alinyamaza muda mrefu, akifunga na kufungua pindo la kanga yake. Kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi siku ile niliogopa. Nilimngoja baba yako vivyo hivyo, mwaka niliompoteza mdogo wako." Nilikuwa na miaka 34 na sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa na mdogo.

Mengine ni ya kila siku, na hayahitaji shahada. Kubeba maji. Kupika, hata kama ugali utakuwa na mabonge. Kumkumbusha vidonge vya kuongeza damu na kuvumilia siku anazovitapika. Kuhakikisha chandarua kimeshushwa. Kutovuta sigara ndani. Kufungasha mapema kanga na vifaa vya kujifungulia, ili visitafutwe usiku wa manane. Kuzuia ulimi wako, maana maneno makali humuumiza kuliko siku nyingine. Na mkono usiuinue kamwe, siku yoyote. Na usiku anapoamka kwa hofu, kaa umsikilize bila kuharakisha kumwambia kwamba yote yatakuwa sawa. Huna uhakika nayo, naye anajua kwamba huna.

Kazi haiishi mtoto akizaliwa. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama, na saa za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Huzuni nzito inayowapata baadhi ya akina mama nayo ni ugonjwa unaotibika, si deko wala mapepo.

Msomaji wa safu hii atauliza siasa iko wapi. Ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na baba ikampa siku zisizopungua 3, tena zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, ilimpa baba wiki mbili zenye malipo kamili. Sheria ni mwalimu. Ikimpa baba siku 3 inamfundisha kwamba yeye ni mgeni wa kumtazama mtoto na kurudi kazini. Wala hapa sijamtaja dereva wa bodaboda, mkulima na mmachinga, ambao hawana mwajiri wa kumwomba hata hizo 3.

Nina onyo pia kwa upande wa pili. Kampeni za kuwahimiza akina baba zimezaa, katika baadhi ya kliniki, desturi ya kumrudisha mwanamke aliyekuja peke yake, au kumtuma akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mwenza. Aliyetelekezwa anaadhibiwa kwa kosa la aliyemtelekeza. Baba kushiriki ni wajibu wa baba. Kusiwe kamwe sharti la mama kuhudumiwa. Na sisi tunaokwenda tusiende kama wasimamizi wa mwili wa mtu, tukijibu maswali anayoulizwa yeye. Kugatua madaraka maana yake ni kuyaacha yaende.

Jana nilimpigia simu yule kijana, nikamwomba radhi kwa mzaha wangu. Nikamwambia aje Jumamosi na mkewe, tule pamoja, kwa sababu mwenzangu ana mengi ya kuwaeleza kuliko mimi. Kabla ya kukata simu nikamuuliza yale maswali mawili ya muuguzi ambayo mume anaweza kuyajua leo: mimba ina wiki ngapi, na kundi la damu la mkeo ni lipi? La kwanza alilijibu. La pili akasema angelileta pamoja na sura ya tatu.

Nikamwambia sura ya tatu inaweza kusubiri.